Viwavi katika Mayungiyungi ya Mikindani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinahusu safu ya mayungiyungi iliyokaribia kuteketea katika ua wa nyumba moja ya Mikindani, mkoani Mtwara, katika msimu mmoja wa mvua, ingawa mimea hiyo ilikuwa imepuliziwa dawa mara kadhaa na watu wenye nia njema na uzoefu mrefu wa kilimo. Ninakiandika kwa kirefu kwa sababu mambo yaliyokwamisha tiba yake yanajirudia katika bustani nyingi za Mtwara na Lindi. Ninakiandika pia kwa sababu mimea hii, ambayo wengi huiona kuwa pambo la ukutani tu, katika nyumba hiyo ilipandwa na marehemu mama yake mwenye nyumba, na vichipukizi vyake vimekuwa vikitolewa kwa kila binti wa ukoo anayeolewa. Kuipoteza kungekuwa kupoteza kitu ambacho hakinunuliwi sokoni.

Mayungiyungi yenyewe ni ya jenasi ya Crinum, yenye majani mapana na marefu, tunguu kubwa lililojikita mchangani, na maua meupe yanayofunguka jioni na kutoa harufu inayofika hadi barazani. Katikati yake yamepandwa machache ya jenasi ya Hippeastrum, ambayo maua yake ni makubwa na mekundu. Ni vyema ijulikane mapema kwamba mimea hii si ya jenasi ya Lilium, ile ya nchi za baridi ambayo maua yake hufungwa katika mashada ya harusi huko mijini. Crinum na Hippeastrum zimo katika familia ya Amaryllidaceae, ambamo pia vimo kitunguu maji na kitunguu saumu. Tofauti hii ina uzito katika utunzaji, kwa kuwa mdudu anayeshambulia kundi moja halazimiki kushambulia jingine, na sehemu ya ushauri uliotolewa kabla sijafika ulihusu mimea ambayo haikuwamo kabisa katika ua huo.

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mayungiyungi, ambayo wakati wa kiangazi hupunguza majani na kutulia, huchipua kwa nguvu mara mvua za kwanza zinapolowesha mchanga. Ndivyo ilivyokuwa mwaka huo pia: majani mapya yalitoka, mabua ya maua yakaanza kuchomoza, na kila mtu aliyepita akasifia. Kisha, kabla Desemba haijaisha, majani yakaanza kuonyesha mabaka yaliyopauka, yakalegea kutoka kwenye ncha, yakavunjika katikati na kulala. Nilipoitwa kuitazama mimea hiyo, mwishoni mwa Januari, karibu nusu ya safu ilikuwa imelala mchangani, na penye shingo za mimea kadhaa, yaani pale majani yanapotokea kwenye tunguu, palikuwa na uozo wenye harufu kali.

“Shikamoo, Bibi,” nilimwamkia mwenye nyumba, naye baada ya kuitikia marahaba akanionyesha ukuta kwa mkono na kusema, “Mwanangu, hawa wadudu wamemaliza dawa zote za mikorosho na bado wapo. Sasa sijui ni wadudu au ni kitu gani.” Kauli hiyo ya mwisho ndiyo niliyoishika, kwa kuwa ilikuwa swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu kabla ya kupulizia.

Historia ya tiba ilikuwa hivi. Mjukuu wake, ambaye hushughulikia mikorosho ya familia, alipoona majani yanapauka alichukua salfa ya unga iliyobaki tangu msimu wa kupulizia na kuinyunyizia juu ya mimea yote. Hapakuwa na nafuu, na baada ya siku chache kingo za majani zikawa za kahawia na kukauka. Akageukia dawa ya maji inayotumika dhidi ya mbu wa mikorosho, akapulizia kwa bomba la mgongoni, na safari hii viwavi kadhaa walionekana wamekufa chini ya mimea, jambo lililowapa wote matumaini. Wiki hazikupita nyingi uharibifu ukarudi kwa kasi zaidi. Jirani mmoja akaleta maji ya kitunguu saumu kilichotwangwa, nayo yakamwagiwa. Mjukuu mwingine, aliyeko Dar es Salaam, akatuma kwa simu maelezo marefu aliyoyapata kwenye intaneti kuhusu mbawakawa mwekundu wa mayungiyungi, pamoja na agizo la kumtafuta na kumponda, na kwa siku kadhaa watoto wa nyumba hiyo walitafuta mdudu mwekundu asiyepatikana.

Nilianza kwa kukata jani moja lililopauka na kulielekeza kwenye jua. Jani la Crinum ni nene. Lina ngozi ya juu, ngozi ya chini, na nyama laini yenye maji katikati. Katika mabaka yaliyopauka nyama hiyo haikuwepo. Zilikuwa zimebaki ngozi mbili tupu, zinazopitisha mwanga, na kati yake chembe nyeusi za kinyesi pamoja na viwavi wadogo sana waliokuwa wakila wakiwa wamejipanga bega kwa bega. Katika majani yaliyovunjika viwavi walikuwa wakubwa zaidi, wamekwisha kutoka ndani ya jani na kushuka kuelekea shingo ya mmea. Nilipotenganisha makuti ya majani penye shingo ya mmea mmoja ulioanguka, niliwakuta waliokomaa, wenye urefu wa karibu sentimita 4, weusi wenye mistari na madoa ya manjano hafifu, wamechimba kuelekea moyo wa tunguu huku kinyesi chao chenye unyevu kikiozesha kila kilichokigusa. Harufu ile kali ilitoka hapo.

Huyu ni kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Brithys crini, aliyepewa jina hilo la pili na Johan Christian Fabricius mwaka 1775 kutokana na mmea huu huu anaoula. Anapatikana Afrika, kusini mwa Ulaya, Asia na Australia, na chakula chake ni mimea ya familia ya Amaryllidaceae. Nondo jike, ambaye ni wa rangi ya kahawia iliyokolea na huruka usiku, hutaga mayai kwa mafungu, aghalabu upande wa chini wa jani. Viwavi wanaoanguliwa hutoboa na kuingia ndani ya jani karibu mara moja, wakakaa humo hadi wanapokuwa wakubwa kiasi cha kutoenea tena humo, kisha hutoka, hula usiku, na hushuka hadi kwenye tunguu. Wakishakomaa huingia ardhini karibu na mmea na kugeuka pupa, na kutoka hapo nondo mpya huanza mzunguko upya maadamu kuna majani mabichi.

Ila si kila doa katika bustani hiyo lilikuwa la kiwavi, na hapa ndipo uchunguzi ulipohitaji subira. Kingo za kahawia, zilizokauka kwa usawa katika majani yote, hata yale ambayo hayakuwa na kiwavi hata mmoja, zilikuwa alama ya kuungua. Salfa, joto linapopita takriban nyuzi 30, huweza kuunguza majani laini, na mchana wa Januari pwani ya Mtwara hufika kiwango hicho kwa urahisi. Kwenye mikorosho hunyunyizwa kuanzia kama Juni, wakati wa ubaridi, kwa hiyo mkulima haoni athari hiyo shambani. Aina ya tatu ya doa ilikuwa michirizi myekundu kama ya kutu, hasa kwenye Hippeastrum, iliyofanya majani na mabua kupinda upande wenye mchirizi. Hiyo husababishwa na kuvu aitwaye Stagonospora curtisii, anayeenea majani yanapobaki na maji kwa muda mrefu. Haiui mmea upesi, na dawa yoyote ya wadudu haiigusi. Watu watatu waliotazama mimea hiyo kabla yangu waliona doa moja lenye sura tatu. Kumbe yalikuwa madhara matatu, na mojawapo lilitokana na tiba.

Baada ya mdudu kujulikana, sababu za kushindwa kwa kila dawa zilijieleza zenyewe. Salfa hutumika kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa unaoletwa na kuvu anayeota juu ya ngozi ya majani machanga na maua. Kazi yake ni kuzuia kuvu na, kwa kiasi fulani, utitiri. Kiwavi anaweza kutembea juu yake bila kudhurika. Kwamba ni dawa iliyookoa mikorosho ya kusini hakuifanyi kuwa dawa ya kila kinachoota, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu katika nyumba nyingi za Mtwara, Masasi, Newala na Lindi mfuko wa salfa ndio wa kwanza kufikiwa kila jani linapobadilika rangi.

Dawa ya mbu wa mikorosho ni jambo jingine, kwa kuwa hiyo kweli huua wadudu. Mbu wa mikorosho, wa jenasi ya Helopeltis, hukaa nje juu ya machipukizi akifyonza utomvu, kwa hiyo dawa inayoua kwa kugusa humpata pale alipo. Kiwavi wa yungiyungi maisha yake yote ya utotoni yamo kati ya ngozi mbili za jani, jani lenyewe likiwa na nta inayoteremsha matone, na akikua hujificha ndani ya shingo ya mmea mchana kutwa. Waliokufa ni wale wachache waliokuwa njiani kutoka jani moja kwenda jingine. Waliobaki ndani waliendelea kukua, na mayai mapya yakaongezwa juu yao. Ndiyo maana nafuu ilionekana, kisha ikatoweka.

Nina pingamizi kubwa zaidi kuhusu dawa hiyo kuliko kutofaa kwake. Ua ule una kuku, una watoto wanaochezea mchanga, na una kisima hatua chache kutoka ukutani. Kila kiuatilifu kinachouzwa nchini husajiliwa kwa matumizi maalumu chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na maelekezo ya kibandiko chake huhusu zao lililotajwa, kipimo chake na tahadhari zake. Kukipulizia kwa kukadiria, mita chache kutoka jikoni, kwenye mimea iliyo katika maua ambayo nyuki huizuru asubuhi, ni hatari isiyolipwa na faida yoyote. Niliomba chupa iliyobaki irudishwe stoo ya shambani, ifungiwe, na isitumike tena uani.

Kuhusu kitunguu saumu sina haja ya maneno mengi. Kiwavi huyu amezoea kula mmea wenye laikorini, sumu inayowafanya mbuzi waupite yungiyungi bila kuugusa na inayomtapisha mtu akila tunguu lake. Harufu ya kitunguu haiwezi kumfukuza kwenye chakula chake. Naye mbawakawa mwekundu aliyetafutwa na watoto ni Lilioceris lilii, adui wa kweli wa Lilium huko Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko Uingereza amekita makazi tangu mwaka 1939, na katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani alionekana mwaka 1992. Maelezo aliyoyatuma mjukuu yalikuwa sahihi kabisa kwa bustani ya London. Hapa Mikindani hapakuwa na mmea anaoutaka wala dalili zake, ambazo ni mayai ya rangi ya chungwa yaliyopangwa kwa mistari na mabuu yanayojifunika kwa kinyesi chao wenyewe juu ya jani, mahali pa wazi. Kiwavi wetu huficha kinyesi ndani. Mtu mwenye jani mkononi angeweza kuwatofautisha wadudu hawa wawili kwa alama hiyo peke yake.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mikono. Kila jani lenye baka lililopauka lilikatwa kwa kisu chini kabisa ya baka, na pale ambapo kiwavi alikwisha kushuka jani lote liliondolewa hadi shingoni. Vipande havikutupwa jalalani, kwa kuwa viwavi wakubwa hutoka humo na kutambaa kurudi. Vilitumbukizwa kwenye ndoo ya maji yenye sabuni, vikalala humo, kisha vikafukiwa kwenye shimo la kina mbali na safu. Bibi alisikitika kuona majani mengi kiasi hicho yakiondoka. Huzuni yake naielewa, maana baada ya kukata, safu ilionekana mbaya kuliko siku niliyoikuta. Lakini tunguu la Crinum ni ghala la chakula, na maadamu kitovu cha kuchipua kilicho katikati hakijaliwa, mmea una uwezo wa kutoa majani mapya hata ukibaki kisiki kitupu. Jani lililojaa viwavi halina faida tena kwa mmea. Ni njia tu ya kuwafikisha kwenye tunguu.

Mimea iliyokuwa na shingo laini iling'olewa. Tunguu zake zilioshwa, sehemu iliyooza ikakatwa hadi penye nyama nyeupe na ngumu, kisha zikaachwa kivulini hadi majeraha yakauke. Atakayefanya kazi hiyo avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu, na mabaki yasiachwe watoto au mifugo wanapoweza kuyafikia. Mbili kati ya tunguu hizo zilikuwa zimeliwa hadi kitovu na hazikuwa na la kuokoa. Nyingine zilipandwa upya kwenye tuta la mchanga lililoinuliwa kidogo, shingo zikiwa juu ya usawa wa ardhi, ili maji ya mvua yasituame kwenye majeraha. Tuliziweka pia mbali zaidi baina yake, jambo linalosaidia majani kukauka upesi baada ya mvua na hivyo kumnyima nafasi kuvu wa michirizi myekundu.

Udongo wa juu kuzunguka kila mmea, kina cha kama sentimita 10, ulichimbuliwa kwa kijiti na kuchekechwa kwa vidole. Pupa walipatikana, wa kahawia na wenye kung'aa, wengi wao karibu sana na mashina. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na bila hiyo bustani iliyosafishwa juu hupata nondo wapya kutoka chini yake yenyewe. Kuku, kwa taarifa ya wanaopenda kuwategemea, waliwapita wale viwavi weusi wenye manjano bila kuwadonoa. Kwa wadudu wengi rangi za namna hiyo ni onyo kwamba mwenye nazo hafai kuliwa.

Mwarobaini tuliutumia, lakini kwa kazi yake na kwa wakati wake. Mbegu zilizokauka kivulini zilimenywa na kutwangwa, gramu 500 za unga wake zikalowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, asubuhi zikachujwa kwa kitambaa, na sabuni kidogo ikaongezwa ili maji yashike kwenye jani lenye nta. Ulipuliziwa jioni, kwa sababu jua huvunja nguvu ya azadirakitini, kemikali inayofanya kazi ndani yake, na ulipuliziwa hasa upande wa chini wa majani mapya. Haumuui kiwavi papo hapo. Humfanya aache kula na humzuia kujivua ngozi ili akue. Hivyo unafaa kwa viwavi wanaoanguliwa kabla hawajazama ndani ya jani, na haufai kwa wale waliokwisha kuingia. Ulirudiwa kila wiki majani yalipokuwa yakitoka, na pia baada ya mvua kubwa, kwani huoshwa. Dawa yenye bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ikipatikana katika duka la pembejeo, ina masharti yayo hayo: lazima kiwavi aile, awe mchanga, na awe nje. Sikuona sababu ya kumtuma mtu kuitafuta wakati mwarobaini umesimama nje ya geti.

Kilichozuia shambulio jipya zaidi ya dawa hizo, kwa tathmini yangu, ni ukaguzi. Yule mjukuu wa mikorosho, ambaye mwanzoni alihisi kazi ya kugeuza majani ni ya watoto, alichukua jukumu hilo na kulifanya kwa makini ya mtu aliyezoea kukagua mikorosho. Kila baada ya siku mbili au tatu aligeuza kila jani, na fungu la mayai alilolikuta alilifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Baadhi ya usiku alipita na tochi ya simu, saa ambayo viwavi wakubwa huwa nje na huokotwa bila shida. Mafungu ya mayai yaliendelea kuonekana hadi Machi, ushahidi kwamba nondo walikuwa wakija kutoka kwingine. Crinum za mwituni huota katika mabonde yenye maji ya pwani hii, na upande wa pili wa ukuta jirani ana kichaka cha mayungiyungi yasiyoangaliwa na mtu. Bibi alikwenda mwenyewe kuzungumza naye, na kwa idhini yake kichaka hicho kikasafishwa kwa utaratibu ule ule.

Mvua zilipokatika, safu ilikuwa na majani ya kijani kila penye tunguu isipokuwa nafasi zile mbili. Maua ya msimu huo yalipotea karibu yote, kwa kuwa mabua yaliliwa yakiwa bado ndani, na mimea iliyong'olewa sitarajii ichanue kabla ya msimu mmoja au zaidi kupita, maana kwanza itajenga upya akiba ya tunguu. Michirizi myekundu ipo bado kwenye Hippeastrum chache. Majani yenye michirizi hukatwa yanapoonekana, na maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi hupelekwa kwenye mchanga bila kulowesha majani. Nafasi mbili zilizobaki wazi zimejazwa vichipukizi vilivyotoka kwa mmoja wa mabinti walioolewa Lindi, aliyekuwa amepewa vyake miaka iliyopita. Kabla ya kupandwa, kila kichipukizi kilivuliwa makuti ya nje na kukaguliwa shingoni, na udongo kilichokuja nao ulitupwa mbali na ua.